OpenTofu: nywila hazilali tena nje

Nasimamia seva za Sacco moja hapa Ntinda, Kampala, peke yangu. Agosti 2023 Terraform, programu niliyokuwa naitumia kuunda na kupanga seva kwa maandishi, ilipobadilishiwa leseni sikuhama, uvivu tu. Kilichonihamisha ni lile faili linalotunza hali ya seva. Siku moja nililifungua, nikakuta nywila ya hifadhidata imekaa humo uchi wa mnyama.

OpenTofu, tawi huria la Terraform lililo chini ya Linux Foundation, inaweza kulisimba faili hilo, yaani kuligeuza lisisomeke bila ufunguo, tangu toleo la 1.7, mwaka 2024. Unaongeza mistari michache na kauli ya siri isiyopungua herufi 16, basi. Mimi nilisahau mstari unaoruhusu faili la zamani, lisilosimbwa, lisomwe mara ya kwanza. Ikagoma. Saa nzima nalaumu intaneti, rolex yangu, chapati ya mayai, inapoa mezani, kumbe kosa ni langu!

Amri ni zilezile, ila unaandika tofu badala ya terraform. Ukipoteza kauli ya siri, hakuna wa kukufungulia. Yangu iko ndani ya bahasha, kwenye kasha la mhasibu, jirani na mihuri. Nyota nne.