Flashi ya Jim Reeves niliyomnunulia baba

Nilinyamaza nikidhani hasira itapoa. Haijapoa. Ni miezi sasa, na kila nikimwona baba ameketi karibu na redio yake, maneno ya yule kijana wa duka yananirudia: "Kwani huyo mzee atasikia tofauti gani?"

Baba ana miaka 84. Tulipokuwa wadogo kule Molo, Jumapili baada ya ibada nyumba yetu ilikuwa na sauti moja tu, ya Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kantri. Sahani zake za santuri hakuna mtoto aliyethubutu kuzigusa. Tulipohama zikapigwa na jua juu ya lori, zikapinda zote. Ndipo mwaka jana, au ni mwaka juzi, nikaamua kumtafutia nyimbo zake kwenye flashi. Nikaingia duka moja la muziki mjini Nakuru. Pakiti ilikuwa na maandishi ya dhahabu: mkusanyo kamili, rekodi za asili. Shilingi 2,000 na ushei. Sikubishana bei, ni za baba.

Baba alivaa koti. Siongezi chumvi, alivaa koti lake la kanisani, akaketi, ndipo akaniambia weka. Nikaweka He'll Have to Go. Zikaanza dramu za kishindo. Kishindo, jamani! Na kinanda cha umeme kinacholialia kama tangazo la sabuni, na chini yake huko, kama mtu anayeongea chumba cha pili mlango umefungwa, ndimo alimokuwa Jim. Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mama, huyu wamemfunika." Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Wimbo wenyewe ni wa mwanamume anayempigia simu mpenzi wake, na huko upande wa pili kuna mwanamume mwingine. Anamwomba asogeze midomo karibu na simu. Sasa utaimbaje maneno hayo juu ya kishindo hicho? Kwenye rekodi ya 1959 hakuna vurugu: piano, gita, besi, dramu laini mno, waitikiaji kwa mbali, na yeye. Kampuni yake ya rekodi, RCA, iliuweka upande wa pili wa sahani, wimbo waliotegemea ulikuwa mwingine, lakini watangazaji wa redio waliigeuza sahani na watu wakaukataa ule mwingine. Ulikaa nambari 1 kwenye chati ya kantri Marekani wiki 14.

Na sauti ile hakuzaliwa nayo hivyo. Alipoanza kuvuma na wimbo wa Mexican Joe mwaka 1953 alikuwa akipaza, anaimba kama watu wote wa kantri wa wakati ule. Baadaye, akiwa RCA, akaanza kushusha sauti na kusogea hadi midomo ikakaribia kugusa kipaza sauti. Prodyuza wake, Chet Atkins, akamkubalia, na mwaka 1957 wakatoa Four Walls, wimbo uliokuwa umekusudiwa mwimbaji wa kike. Kuanzia hapo kazi yake yote ni ule ukaribu. Ukimwondolea ukaribu umemwondolea kila kitu. Baba hajui habari za studio, lakini alisikia kwamba mtu aliyezoea kumnong'oneza sasa yuko mbali.

Nikarudi dukani. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu yake. Nilipomweleza akacheka, akasema wimbo ni wimbo, hao wazee wanataka tu kitu cha kuwalaza, na kwani huyo mzee atasikia tofauti gani. Mbele ya wateja! Nilikosa la kusema, mimi ambaye kwa kawaida sikosi. Nilitoka nikitetemeka mikono.

Nilipanga kuandika kwamba msinunue kabisa, nikaishia hapo. Lakini nisiwe mwongo. Si kila kilichoongezwa ni uharibifu. Jim alikufa 31 Julai 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilianguka kwenye dhoruba karibu na Nashville, wakatafuta siku mbili. Miaka miwili baadaye wimbo wake Distant Drums ukawa nambari 1 Uingereza wiki tano. Ile ilikuwa rekodi ya majaribio tu, muziki ukavalishwa baada ya kifo chake, lakini waliovalisha walimwacha mbele. Baba anaupenda sana.

Hata wimbo wa Jim na Patsy Cline, mwimbaji mwenzake wa kantri, umo humo kwenye flashi. Nilipouona nilichemka, kwa sababu Patsy naye alikufa kwa ndege mwaka 1963, na rekodi hiyo mafundi waliiunganisha mwaka 1981 kutoka kanda za kila mmoja. Nikadhani baba ataudhika. Akauliza, "Hawa walikuwa wamekufa wote?" Nikamwambia ndiyo. Akataka nirudie. Nikarudia mara tatu, na tangu siku hiyo sina nguvu ya kuusema vibaya.

Na kuna zile za Krismasi za 1963. Hizo hazijaguswa, ni safi kama maji ya kisima. Baba anazipiga Agosti, anazipiga Machi, majirani wameshazoea. Kwa ajili ya hizo flashi sirudishi, hata wakinipa pesa zangu na riba.

Kwa hiyo ubora siujui niupe alama ngapi. Nyimbo kama kumi na mbili ni halali, nyingine ni wizi wa mchana, na pakiti ni uongo. Ukilazimika kununua, mwambie muuzaji akuwekee wimbo ule wa simu kabla hujatoa hata shilingi. Ukisikia dramu za kishindo, ondoka. Duka lenyewe mimi siingii tena, hata nyimbo zikiwa za bure. Mzee alisikia tofauti, kijana. Aliisikia kabla yangu.

Kama kuna mwenye sahani ya He'll Have to Go isiyopinda, na anauza, mimi nitaifuata hadi Kisumu au Mombasa. Mashine ya santuri nimeshaipeleka kwa fundi.