Waya wa plagi wa shaba wa kukatiwa kwa mita: unafaa trekta kuukuu la petroli?

Kwanza hakikisha trekta lako lina plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta. Matrekta mengi yanayolima Kongwa, Bahi na Chamwino ni ya dizeli, na dizeli haina waya wa plagi hata mmoja. Hapa tunazungumzia Ferguson TE20 ya petroli, Massey Ferguson 35 ya petroli na rika lao: silinda nne, koili inayopandisha volti, na destributa ya pointi inayogawa moto huo kwa kila plagi.

Dukani utawekewa mezani vitu viwili. Kimoja ni seti ya gari dogo, imekuja na kofia zake, na ndani ina uzi wa kaboni. Kingine ni waya wa shaba wa milimita 7 unaokatiwa kwa mita. Chukua wa shaba, hata kama seti inapendeza macho.

Sababu iko kwenye kifuniko cha destributa. Vifuniko vingi vya zamani vya kampuni ya Lucas hushika waya kwa skrubu ndogo yenye ncha, inayotoboa ganda mpaka katikati. Nyuzi za shaba zinaidaka ncha hiyo barabara. Uzi wa kaboni unachanika, panabaki kipengo, cheche zinaruka humohumo na kaboni inaendelea kuungua. Trekta likisimama linanguruma vizuri tu. Jembe likizama, mgandamizo kwenye silinda unapanda, plagi inadai volti nyingi zaidi, na hapo injini inaanza kumisi, yaani silinda nyingine haziwaki. Wengi huishia kufungua kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ambayo haina kosa.

Shaba nayo ina kasoro: redio iliyo karibu itakoroma. Kwa trekta la shamba la alizeti hilo linavumilika. Ila kama destributa imeshabadilishwa kuwa ya elektroniki, rudi kwenye kaboni, maana mawimbi ya waya wa shaba huvuruga mfumo huo.

Ukinunua, kwangua nyuzi kwa kisu. Zikiwa nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Itakatika kwa mtikisiko. Wala usikubali waya wa umeme wa nyumbani, ambao ganda lake ni la volti mia chache wakati moto wa plagi ni maelfu. Moto utavuja kwenye bloku, yaani mwili wa injini, hasa asubuhi za Januari zenye unyevu. Ganda la plastiki linatosha, isipokuwa waya unapopita karibu na ekzosi. Hapo dai la silikoni.

Mita tatu kwa kawaida zinatosha nyaya nne na ule wa koili. Ng'oa mmoja, kata mpya kwa urefu uleule ukiongeza sentimita 2, ufunge, ndipo uende wa pili. Ukizing'oa zote kwa pamoja utabaki kubahatisha mpangilio wa silinda kuwaka, ambao kwa injini hizi ni 1-3-4-2. Kata ncha ya waya iwe sawasawa, si mshazari, isukume hadi iguse chini kabisa ya tundu, kisha kaza skrubu kwa vidole viwili. Ukitumia nguvu, kifuniko kitapasuka, na ufa mwembamba unatosha kupitisha moto.

Kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya ni kufunga nyaya zote fungu moja kwa mpira, ili zipendeze. Silinda ya 3 na ya 4 zinafuatana kuwaka na zimekaa jirani. Nyaya zao zikilala sambamba zimegusana, moto wa 3 unaweza kuiamsha 4 kabla ya zamu yake. Ziachanishe kwa sentimita 2 au zaidi.

Kukaguliwa ni usiku, taa zote zimezimwa, injini ikiunguruma taratibu. Nyunyizia ukungu mwepesi wa maji juu ya nyaya, mikono ikiwa mbali. Ukiona vicheche vya buluu vikitambaa kwenye waya, huo ubadilishe. Vikitambaa kwenye kifuniko, waya hauna kosa, kanunue kifuniko.