Uzoefu wangu: kuweka bomba jipya na kujenga upya dohani ya nyumba ya zamani Lushoto

Nyumba nyingi za zamani za Lushoto, Soni na Magamba zina meko ya sebuleni. Zilijengwa na Wajerumani, enzi mji ukiitwa Wilhelmstal, na nyingine na Waingereza waliofuata, kwani baridi ya Julai kwenye mita 1,400 na zaidi haitaki mzaha. Dohani zake ni za matofali ya kuchoma, na ndani zimepigwa lipu ya chokaa tu. Lipu hiyo hudumu miaka mingi, lakini ikishaanza kubanduka, mota ya viungo hubaki wazi mbele ya moshi na kuliwa kidogo kidogo mpaka matofali yanachezacheza.

Tathmini hii ni ya kazi nzima: kuingiza bomba la stenlesi ndani ya dohani, kujenga upya sehemu iliyo juu ya paa na kukarabati meko yenyewe. Walioifanya ni waashi wa hapa hapa, wakishirikiana na karakana inayotengeneza majiko ya hoteli. Kwa kazi ya ndani ya dohani nawapa alama za juu. Kwa kazi ya bati la paa siwezi, na sababu nitaieleza.

Kilichonipa imani ni kwamba walianza na moshi kabla ya kutaja bei. Waliziba dohani juu kwa magunia yaliyolowa, wakachoma majani mabichi kidogo kwenye meko, kisha wakazunguka nyumba nzima. Moshi ulitokea darini na nyuma ya kabati la ukutani. Panapopita moshi hupita pia monoksaidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Wakapanda darini na tochi, wakakuta kenchi moja imegusana na dohani na ubao umeshakuwa mweusi. Ubao uliopashwa joto miaka na miaka hushika moto kwa joto dogo kuliko ubao mpya. Waliukata, wakaubeba kwa boriti fupi iliyolazwa kati ya kenchi za jirani, na kuacha milimita 50 kati ya mbao zote na tofali. Fundi anayetaka kushusha bomba bila kupanda darini, usimpe malipo ya awali.

Jambo la pili walilolifanya vizuri ni kujua kwa nini dohani imeinama. Kwenye mteremko kila mtu husema msingi umetitia, na mara nyingi si kweli. Angusha timazi. Dohani ikiwa imenyooka kutoka chini hadi paani, ikapinda juu ya paa peke yake, tatizo ni mota. Chumvi za salfa zilizomo kwenye moshi na masizi, zikikutana na maji ya mvua, hushambulia saruji iliyomo kwenye viungo nayo huvimba. Upande unaopigwa na mvua huvimba zaidi, hivyo dohani huinama kuelekea upande mkavu. Mvua zetu hupiga kutoka upande wa bahari, na dohani hii ilikuwa imeinama kuelekea bara, vile vile inavyotarajiwa.

Ufa ukianzia chini, kati ya dohani na ukuta, na kupanuka kadiri unavyopanda, hapo ni msingi kweli. Uwanja wa nyumba ya mlimani hukatwa upande wa juu na kujazwa kifusi upande wa chini, na dohani iliyojengwa upande wa kifusi ina uzito mwingi juu ya eneo dogo. Bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta, kiache kipitie masika. Kikivunjika, dohani bado inatembea. Kuweka bomba kabla ya kuimarisha msingi na kuyageuza maji yanayoteremka kutoka kilimani ni kutupa fedha.

Sasa vipimo. Eneo la tundu la bomba linalohudumia meko ya wazi lisipungue moja ya kumi ya eneo la mdomo wa meko. Mdomo huu ulikuwa sentimita 75 kwa 60, yaani sentimita za mraba 4,500. Bomba la kipenyo cha sentimita 25 lina eneo la 491, takribani moja ya tisa. Kwa maandishi linatosha, ila hapa hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga mjini kwa zaidi ya asilimia 10, na mvuto wa moshi hupungua pamoja nayo. Bomba kubwa zaidi lisingeingia, kwa sababu ndani ya dohani ni sentimita 35 kwa 35 na pembeni panahitajika nafasi ya kujaza kizuia joto. Waashi wakashusha mdomo wa meko kwa kipande cha chuma cha sentimita 10, eneo likawa 3,750, na uwiano ukafika kama moja ya saba na nusu. Suluhisho hilo la bei ndogo limefanya kazi kubwa kuliko kofia yoyote ya kuweka juu.

Kabla ya kuagiza chochote, waliteremsha kwa kamba kisahani cha ubao chenye kipenyo cha sentimita 28 kutoka juu hadi chini. Kikipita bila kukwama, bomba lililonyooka litapita. Kikikwama pana kona, na utalazimika kuvunja ukuta mahali hapo au kuagiza bomba linalojikunja kutoka nje ya nchi. Ukiruka hatua hii, utaligundua tatizo bomba likiwa limenasa katikati.

Bati la stenlesi ni la aina ya 316, unene wa milimita 1. Shiti moja ni milimita 1,220 kwa 2,440. Mzingo wa bomba la sentimita 25 ni milimita 785, na ukiongeza ukingo wa kuchomelea, shiti moja inatoa vipande vitatu vya urefu wa mita 1.22. Shiti mbili zikatoa vipande sita. Kila kiungo kinaingiliana milimita 50, hivyo urefu kamili ukawa mita 7.07, na dohani ilihitaji 6.8. Mishono ya urefu ilichomelewa kwa gesi ya agoni. Viungo vilifungwa kwa riveti nne nne za stenlesi. Usikubali riveti za alumini, zitalainika.

Kwenye ununuzi wa bati ndipo watu huibiwa. Sumaku hukamata stenlesi ya 430, lakini haiwezi kutenganisha 304 na 316, na hata 201 ambayo ni hafifu haishiki sumaku. Dai karatasi ya kiwanda inayoonyesha molibdeni asilimia 2 hadi 3, ambayo ndiyo inayoipa 316 ustahimilivu dhidi ya asidi ya moshi. Kuhusu bomba la mabati ya kawaida ya kuezekea, ambalo mafundi kadhaa walilipendekeza kwa kuwa ni rahisi: zinki huliwa na asidi hiyo, bati hutoboka, na matobo yake huyaoni kwa kuwa yako ndani ya ukuta.

Bomba lilishushwa kutoka juu kwa kamba mbili, kipande cha chini kikitangulia. Mdomo mpana wa kila kipande hutazama juu, na kipande cha juu huingia ndani ya cha chini. Ukigeuza, lami ya moshi inayoteremka itavuja nje kwenye kila kiungo na kunuka nyumba nzima wakati wa mvua. Kila kiungo kina masikio matatu ya bati ya kuliweka bomba katikati. Chini linakalia bamba la chuma la milimita 5 lililobebwa na vyuma viwili vya pembe, milimita 40 kwa 40, vilivyochimbiwa ndani ya ukuta, na ukingo umezibwa kwa kamba ya kuzuia moto.

Nafasi kati ya bomba na tofali ilijazwa mchanganyiko wa vamikulaiti na saruji, ndoo kumi kwa moja. Vamikulaiti, madini mepesi ya chembechembe, ni ile ile wanayotumia wakuza miche ya maua. Hesabu yake ilitoka nusu mita ya ujazo, yaani magunia matano ya lita 100 na mfuko mmoja na nusu wa saruji. Maji ni kidogo tu, mchanganyiko ushikane ukiubana mkononi bila kuchuruzika. Walimwaga mita moja kwa siku. Ukimwaga yote mara moja, uzito wa ubichi unalala juu ya bamba la chini na unaweza kulisukuma. Kizuia joto hiki si pambo: bomba likibaki baridi, mvuke wa moshi huganda ukutani mwake na kuwa lami, na lami ikishika moto joto ndani ya dohani hupita nyuzi 1,000.

Juu ya paa walibomoa hadi chini ya bati na kujenga upya mita 1.9. Kwa ukuta wa nusu tofali hiyo ni kama mita za mraba 3.5, matofali 210. Tulinunua 250 kwa sababu ya yanayovunjika njiani kutoka Mombo. Mota ni saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Saruji tupu ni ngumu kuliko tofali la zamani, inafungia maji ndani, na kinachomeguka ni uso wa tofali. Urefu wa kuzingatia ni sentimita 90 juu ya mahali dohani inapotokeza paani, na sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Mlimani, kitu chochote ni pamoja na kingo ya udongo nyuma ya nyumba.

Kifuniko ni zege lenye nondo, unene sentimita 7, kimetokeza sentimita 5 kila upande, na chini ya ukingo kuna mfereji mdogo wa kuzuia maji yasirudi kwenye tofali. Bomba halikuzibwa kwa saruji hapo juu. Stenlesi ya urefu huu ikipata nyuzi 300 hurefuka zaidi ya sentimita 3, na ikibanwa hupasua kifuniko au hujikunja chini. Limepita kwenye kola yenye nafasi ya sentimita 4, na kofia yake ina wavu wa matundu ya milimita 15. Wavu wenye matundu madogo kuliko 12 huziba kwa masizi, na bila wavu utapata komba na popo. Kama nyuki wameshahamia, mwite mrina asali usiku. Usiwashe moto, nta inayoyeyuka ni mafuta ya kuunguza dohani.

Majukwaa nayo niyasifu: miguu ya upande wa chini ilikuwa mirefu, na kila mguu ulikaa juu ya ubao kwenye ngazi iliyochimbwa kwenye udongo. Hakuna aliyeegemeza ngazi kwenye dohani.

Malalamiko yangu ni flashingi, yaani bati la kuzuia maji pale dohani inapokutana na paa. Walibandika utepe wa lami juu ya tofali, wakapaka silikoni, wakasema imekwisha. Mvua za kwanza za vuli zikaingia darini. Njia sahihi ni kuchimba kiungo cha mota kina cha milimita 25, kuingiza bati la risasi, kulibana kwa vipande vya risasi na kuziba kwa mota, huku upande wa juu wa mteremko wa paa ukiwa na mfereji wa kupitisha maji pembeni. Dohani yenye upana wa zaidi ya sentimita 75 huhitaji kigongo cha kuyagawa maji. Hii ya sentimita 58 haikuhitaji. Walirudi wakarekebisha bila malipo, lakini ubao wa dari ulikuwa umeshaharibika na hawakuulipia.

Ndani ya meko walibadilisha matofali ya kuhimili moto, viungo vya milimita 3 tu kwa mota ya kuhimili moto. Ngazi ngazi za tofali juu ya koo la meko, pale moshi unapoingia dohanini, zilisawazishwa kwa mota hiyo hiyo, maana kila ngazi huzungusha moshi na kuurudisha sebuleni. Waliacha wiki nne kabla ya moto wa kwanza, na mioto ya mwanzo ikawa ya vijiti. Ukiwasha moto mkubwa mota ikiwa mbichi, mvuke hupasua viungo vyote.

Matokeo: moshi unapanda hata kuni zikiwa ndiyo kwanza zinashika. Unarudi kidogo jioni nyingine, hewa baridi inapoteremka kutoka msituni Magamba, na kofia ya kuzuia upepo imepunguza bila kumaliza. Kufungua dirisha kidogo dakika za mwanzo kunasaidia, kwani meko ya wazi hula hewa nyingi na chumba kilichozibwa hakiitoi.

Kuni ziwe zimepasuliwa na kukaa kiangazi kizima chini ya paa. Miwati mikavu ni mizuri. Mkaratusi mbichi utajaza lami bomba jipya ndani ya msimu mmoja. Fagia kila mwaka kabla ya Juni, kwa brashi ya nailoni; ya waya wa chuma huacha chembe zinazoshika kutu kwenye stenlesi. Masizi yakifika milimita 3 usisubiri Juni. Nasi tumefunga king'ora cha monoksaidi ya kaboni sebuleni na kingine chumba cha juu, kile chenye kabati ambalo moshi ulitokea nyuma yake siku ya ukaguzi.