TAHADHARI: Fundi wa boila anayezunguka Kisumu ataua mtu

Jamani wenye dobi, wenye hoteli, na nyinyi wa mashule mnaopika na stimu (mvuke), kuna mzee anazunguka Kibuye mpaka Kondele anajiita fundi wa boila, yale matangi ya kuchemsha maji yatoe stimu. Mimi ameshanimaliza.

Boila yangu ya dobi ni ya kasti, ile chuma ya kumiminwa. Alikuja Jumatatu na overoli ya bluu, akavua kofia, akaanza kuigonga na kanyundo huku ameweka sikio, ko, ko, ko, mpaka sauti ikabadilika akaniambia "mama, ufa uko hapa." Na kweli ulikuwa hapo! Sasa mtu kama huyo ungemkataa aje? Anasema amefanya reli, mashine za stimu anazitaja moja moja, mikono imejaa makovu ya moto. Akaweldi jioni hiyo hiyo na zile rodi za mageti, akapiga rangi ya silva, tukawasha. Geji ya presha ikapanda, hakuna tone linavuja, akaniita nipige picha. Hapo hapo nikamtumia M-Pesa 28,000 nzima na rangi haijakauka, nilibonyeza simu na kidole kiko na silva. Nikikumbuka hicho kidole naona aibu mpaka tumbo linauma.

Siku ya tatu tukasikia ta! Ufa mpya, kando tu ya welding. Stimu ikamchoma kijana wangu wa pasi kutoka kiwiko mpaka vidole. Fundi mwingine akakwangua ile silva, chini ni fila ya kuziba bodi ya gari! Na valvu ya usalama, ile inaachilia stimu presha ikizidi, ameikaza na waya ya kufunga nondo. Maji yakigeuka stimu yanataka nafasi karibu mara 1,600, isipopata pa kutokea boila inalipuka, na ukuta ulio kando ya boila ndio watoto wa jirani huchezea.

Ashikwe! Alipe hospitali, alale ndani, mimi simsamehi. Simu yake haipatikani.

Kasti haiweldiwi baridi hivyo, inapasuka ikipoa, bora kipande kibadilishwe. Testi ya maji baridi, ile ya kujaza maji na kuyasukuma kwa presha uone kama inavuja kabla ya kuwasha, hakufanya. Akigusa valvu mfukuze. Karatasi ya DOSHS, ile idara ya serikali ya usalama kazini, sikumuuliza, risiti hakuna. Ashikwe tu huyo mzee! Leo nimeambiwa ameonekana Nakuru, upande wa Shabab, overoli ni ile ile ya bluu, kanyundo kwa mfuko wa nyuma.