Mafuta ya nazi au shampuu ya ketokonazo kwa mba za ndevu
Hewa kavu ya Januari na Februari jijini Nairobi hukausha ngozi iliyo chini ya ndevu hadi itoe mba, yaani magamba makavu, na hapo mafuta ya nazi yanatosha, mradi yapakwe kidogo baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Magamba yakiwa ya manjano, yenye mafuta na mwasho usiokoma, mara nyingi kuvu aina ya Malassezia, ambao hula mafuta ya ngozi, wanahusika, hivyo kuongeza mafuta kunaweza kuwalisha. Hapo nachagua bila kusita shampuu ya ketokonazo (dawa ya kupambana na kuvu) ya asilimia 2 kutoka duka la dawa: isuguliwe hadi kwenye ngozi yenyewe, si nywele tu, iachwe dakika 3 hadi 5, kisha isuuzwe, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4.