Uzoefu wangu na sanduku la Shawscope: pambano zima, bila kukatwa

Miaka ya tisini, kwenye kibanda cha video cha mtaani kwetu Tandale, kaka yangu alikuwa ananilipia kiingilio ili nisimsemee kwa mama. Mikanda ilikuwa imenakiliwa mara nyingi mpaka nyuso zimegeuka kijani, lakini ikiwekwa sinema ya Kichina hakuna aliyebanduka kwenye benchi. Sikujua kwamba pambano lenyewe tulikuwa tunaliona nusu.

Nimejua mwaka huu, baada ya dada yetu aliyeko London kuniletea sanduku la Shawscope Volume One, kutoka kampuni ya Arrow Video. Ndani mna filamu 12 za studio ya Shaw Brothers ya Hong Kong, za kuanzia 1972 hadi 1979, zote kwenye diski za Blu-ray, pamoja na kitabu na diski mbili za muziki. Deki ya Blu-ray sina, nikaazima PlayStation ya mpwa wangu.

Filamu hizi zilipigwa kwa picha pana sana, upana ukizidi kimo zaidi ya mara mbili. Zilipohamishiwa kwenye mikanda kwa ajili ya TV za chogo, pembeni kulikatwa. Ndiyo maana tulikuwa tunaona ngumi inatokea pasipojulikana na mtu anaanguka hatujui kapigwa na nani! Sasa wapiganaji wote wawili wamo, unyayo hadi utosi, na unaona mguu unavyojipanga kabla mkono haujatoka.

Hilo utalionja vizuri kwenye Heroes of the East ya 1978. Gordon Liu ni kijana wa Kichina aliyeoa Mjapani, mke na mume wanabishana ni mapigano ya nchi gani yaliyo bora, na ugomvi wa nyumbani unaishia kuwaleta mabingwa saba kutoka Japani. Kila mmoja ana silaha au mtindo wake. Kwenye pambano la nanchaku, vile vijiti viwili vilivyoungwa kwa mnyororo, Liu anajibu kwa fimbo ya vipande vitatu vilivyoungwa kwa minyororo, na kamera inatulia kabisa, mapigo yanapishana mengi bila picha kukatwa. Mwongozaji Lau Kar-leung alikuwa mpangaji wa mapigano kabla ya kuwa mwongozaji, na humu anajitokeza mwenyewe kama mzee mlevi ambaye Liu anamwibia mtindo wake. Filamu nzima hafi mtu. Nimeiangalia mara nne.

Kinyume chake ni The Boxer from Shantung ya 1972. Sisi tulilelewa na kanuni moja: stelingi hafi. Humu Chen Kuan-tai anapigana ndani ya nyumba ya chai huko Shanghai, shoka limezama tumboni, na bado anawashusha. Kaka alisimama wima. Mapigano yale ni marefu na damu ni nyingi, kwa hiyo watoto wakalale kwanza.

King Boxer, ambayo mikono ya Lo Lieh inawaka nyekundu king'ora kikilia, bado inasisimua vilevile. Ile ya sokwe mkubwa, Mighty Peking Man, mimi haikunishika.

Sauti ziliingizwa studio baada ya kupiga picha, ndiyo kawaida ya Hong Kong enzi hizo, kwa hiyo midomo kutofuatana na maneno si ubovu wa diski. Mimi nachagua Kimandarini. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, nacho kaka hakimpandi, basi ikabidi nimtafsirie kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, kama watafsiri wa kibandani. Katikati ya Heroes of the East akaniambia, "Mdogo wangu, rudisha nyuma pale pa fimbo, halafu usiseme kitu." Nikarudisha.