Huduma ya kuchangia damu chuoni wakati wa mitihani
Kitengo kilichokuja chuoni kwetu kukusanya damu wiki moja kabla ya mitihani kilifanya kazi kwa uangalifu: kila mwanafunzi alipimwa uzito, shinikizo la damu na himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) kabla ya kutolewa takriban mililita 450, na wenye upungufu wa damu walirudishwa kwa heshima. Muuguzi aliwaeleza kwa utulivu waliohofia kuwa kuchangia kungewadhoofisha kimasomo kwamba majimaji ya damu hurejea ndani ya siku moja au mbili, ingawa chembe nyekundu huhitaji wiki kadhaa. Hata hivyo, hakuna aliyetuuliza kama tulilala au tulikula, ilhali wengi tulikesha tukisoma, na mwenzangu alizirai akiwa bado kwenye foleni.